Mwalimu Aliyetufundisha Kuogopa

Mwalimu alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kufahamiana nao, na nasema hivyo bila kumtania. Pale stesheni ya treni ya Kipling, hapa Toronto, alikuwa hapandi ngazi zinazotembea. Alikuwa anasimama mbele yake, anatazama yale meno ya chuma yanavyoingia chini ya sakafu, anatikisa kichwa, halafu anakwenda kutafuta ngazi za kawaida hata kama kabeba mfuko wa unga begani. Tukimwambia, "Mwalimu, mbona watu wote wanapanda?" alikuwa anajibu, "Watu wote hawajui nini kinazunguka huko chini. Mimi najua." Basi na sisi tunamfuata kwa miguu, tunahema, huku tunacheka na huku tunaanza kuzitazama zile ngazi kwa jicho lingine.

Kwao wapi, wa ukoo gani, mambo hayo sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kwamba alifundisha chuo cha ufundi Tanzania miaka mingi kabla ya kuhamia Toronto mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kwamba hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakongomani walimwita Papa Mwalimu, yaani Baba Mwalimu. Msimamizi wetu kiwandani, Mfilipino mmoja mwenye haraka zake, alidhani Mwalimu ndilo jina la baba yake, akawa analiandika hivyo kwenye ratiba ya zamu. Hata mkewe ukimpigia simu alikuwa anakwambia, "Mwalimu anaoga, piga baadaye kidogo."

Mimi nilimkuta Rexdale, kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki karibu na uwanja wa ndege. Nilipelekwa na wakala wa kazi, mmoja wa wale wanaokupigia simu asubuhi kukwambia kama leo una kazi au huna. Nilikuwa na stashahada yangu ya utawala kutoka nyumbani, nzuri tu, imelala ndani ya sanduku. Mashine waliyonipa ilikuwa na kalibu mbili za chuma, kila moja ukubwa wa mlango. Zinakutana kwa kishindo, plastiki ya moto inamwagwa katikati, zinaachana, kifuniko kinadondoka. Kikigoma kudondoka, wewe unaingiza mkono unakitoa kabla hazijakutana tena. Kulikuwa na mlango wa kinga, lakini ulikuwa umefungwa kwa waya ubaki wazi, kwa sababu kuufungua na kuufunga kulichelewesha kazi.

Mama aliyenionyesha kazi hiyo, Mjamaika mpole sana, alivaa glavu ambayo kidole chake kimoja kilikuwa kitupu. Alikuwa amekikunja na kukibana kwa utepe wa gundi ili kisimsumbue. Alinieleza mambo mengi siku ile, nami nikawa naitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kidole tu. Kila kalibu zilipokutana nilisikia ule mtetemo mpaka kwenye meno. Nikiacha kazi, wakala hatanipigia tena na mimi na binti yangu hatuna pengine pa kushika. Nikiendelea, basi ni suala la lini kidole changu nacho kitakwenda. Nilijua hivyo kabisa, siku ya kwanza.

Wakati wa mapumziko nilijificha nyuma ya makabati ya nguo nikalia. Akaja mzee mfupi, koti la kazi limemzidi, mkononi ana chupa ya chai. Nikafuta machozi haraka.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Unaogopa?"

Nikataka kusema hapana. Nikasema, "Naogopa sana, mzee wangu."

"Vizuri," akasema, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. "Wasioogopa huwa siwafundishi, nimeshindwa nao. Jumapili njoo Mount Dennis, chini ya kanisa, watu wakishatoka ibada ya pili."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba si niache tu hiyo kazi. Alikuwa na umri ule wa kudhani kazi inaachwa.

Mwalimu alikuwa Mwislamu wa sala tano, na darasa lake lilikuwa chini ya kanisa la Wakongomani. Watani wake hawakuliacha hilo. Yeye anasema Mungu hajamkataza kufundishia mahali penye umeme wa bure. Saa ya alasiri ikifika anajitenga kwenye kona penye makoti, anasali, anarudi ubaoni kama mtu aliyetoka kunywa maji. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko: Watanzania, Warundi, Wakongomani kutoka Bukavu na Uvira, wengi tunalisha mashine za watu mchana kutwa. Tulichokuwa tunakitafuta ni nafasi ya uanagenzi, halafu mtihani, halafu leseni ya fundi mitambo wa viwanda. Tofauti aliieleza kwa maneno machache siku yangu ya kwanza. Mwenye leseni anaigusa mashine ikiwa imezimwa. Asiye na leseni anaigusa ikiwa inakwenda.

Mezani alikuwa na mota kuukuu, puli mbili na mkanda, vitu alivyookota kwenye vyuma chakavu akavifunga upya. Somo la kwanza hatukushika hata spana. Alitoa mfukoni mguu wa kuku, akauvalisha kidole cha glavu ya ngozi, akawasha mota, akaugusisha kwenye mkanda pale unapoingia kwenye puli. Sikumbuki kuona kitu. Nakumbuka sauti, fupi, kama ya kuvunja kijiti, halafu mguu haupo na upande wa pili vinatoka vipande. Mama mmoja wa Kirundi alitoka nje akakaa ngazini. Mwalimu mwenyewe alikuwa anatokwa jasho, na huo mfano alikuwa ameufanya mara nyingi kabla yetu. "Nataka muusikie huo mlio kila mtakapotaka kufanya haraka," alisema. Jumapili ile nilirudi nyumbani na basi, nikapika mboga za majani.

Woga wake ulikuwa na chanzo, na alitusimulia akiwa nyumbani kwake, mkewe akitupakulia pilau. Kule chuoni alikofundisha, wafadhili walileta mashine kubwa ya kuchonga chuma, ya kijani, mpya, ndani ya sanduku la mbao. Waliipokea kwa ngoma. Ikaja kuonekana kwamba umeme wa chuo hautoshi kuiendesha, na cha kuuongeza hakikuletwa. Ikafunikwa turubai. Lakini mtaala ulikuwa umeshaandikwa, na mtihani wa taifa ulikuwa na maswali yake, kwa hiyo Mwalimu akaifundisha hivyo hivyo. Aliichora ubaoni kwa chaki za rangi, sehemu kwa sehemu. Wanafunzi walikuwa wanakwenda kulifunua turubai, wanatia mkono kila mahali, wanataja majina ya vyuma, wanalifunika tena. Walifaulu vizuri mno. Chuo kilipongezwa.

"Sasa nafika hapa Toronto," alisema, "nikaitwa kufanyiwa majaribio kwenye karakana moja. Naingia, naikuta ileile! Rangi ileile ya kijani. Nikafurahi kama nimemkuta ndugu yangu. Mzungu akabonyeza kitufe."

Mkewe alianza kucheka, maana alishaisikia.

"Jamani. Sikujua ina kelele vile. Sikujua vile vipande vya chuma vinaruka vikiwa vya moto. Kilichofuata nimejikuta nje, kwenye maegesho ya magari, kwenye theluji, sina koti. Na sikurudi kuwafuata, hata hilo koti niliwaachia."

Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Yeye akatuacha tumalize. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia darasani, "Wale vijana niliwapa vyeti. Wameajiriwa migodini, wameajiriwa kwenye viwanda vya nguo na vya bia, cheti kinasema wanaiweza. Sijui wako wapi, na mikono yao sijui iko wapi." Mkewe akaanza kukusanya sahani. Nilipokuwa namsaidia kuziosha akaninong'oneza kwamba usiku mwingine Mwalimu huamka akiita majina, majina ya wanafunzi, kama anaita mahudhurio.

Ndiyo maana alikuwa hapendi hotuba za maendeleo. Ukimwambia nchi inahitaji viwanda, anakuuliza nani ataviendesha. Ukimwambia vijana wenye vyeti, anakuuliza mashine waliyosomea ilikuwa inawaka? Alichosha, wakati mwingine. Kwenye sherehe moja ya Watanzania alimbana bwana mmoja wa benki, mtu mstaarabu tu, mpaka yule bwana akahamia meza nyingine na sahani yake.

Na wala hakuwa akiisamehe Kanada. Kiwandani kwetu bosi alikuwa anatukusanya kila baada ya muda kutueleza kwamba kuna kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo huko kusini, nchi yenye joto na mishahara midogo, kinatoa vifuniko vingi kuliko sisi. Tusipoongeza kasi, mashine zitapakiwa ziende huko. Tulikuwa tunatoka kwenye vikao hivyo tumenywea. Mara tu baada ya kikao kasi inapandishwa, na mlango mwingine wa kinga unafungwa kwa waya.

Mwalimu alinivuta pembeni siku moja akanionyesha kwa tochi. "Unajua kifuniko kinanasa kwa nini? Ona, kijiti hiki cha kukisukumia kimechakaa. Fundi anasimamisha mashine, anakibadilisha, mkono wa mtu hauingii tena humo. Na vifuniko vitakuwa vingi kuliko vya hao wenzetu. Lakini fundi ni ghali, lazima umsomeshe umsubiri. Mkono wa wakala unapigiwa simu tu asubuhi."

"Si umwambie bosi?"

"Nimemwambia. Akaniuliza nina leseni?"

Hakuwa nayo. Hapa ndipo nilipokuwa nashindwa kumwelewa kabisa, na nilimkasirikia kwa hilo kuliko kwa lolote. Mtu huyu, aliyetunoa wengi tukafaulu, yeye mwenyewe hakuwahi kuufanya ule mtihani. Kila mwaka alikuwa na sababu. Macho, Kiingereza chao kina mitego, ada, Ramadhani. Siku moja nilimshikilia hasa, nikamwambia Mwalimu, wewe utafaulu umefumba macho. Akakasirika. "Mimi nimetunga mitihani maisha yangu yote. Nikifeli mimi, nyinyi mtamwamini nani?" Aliogopa, basi. Aliogopa karatasi kama alivyoogopa puli, tofauti ni kwamba karatasi alikuwa hakubali kuwa anaiogopa. Huku mbwa wa majirani, wakubwa kama ndama, anawafukuza kwa kandambili. Na meneja wa jengo lao alikata joto katikati ya Februari, Mwalimu akamfuata ofisini akakaa kitini kwake, akakataa kuondoka mpaka mabomba ya joto yakaanza kugonga tena.

Mimi nilipata uanagenzi palepale kiwandani, chini ya fundi mmoja wa Kipolandi. Mwalimu naye waliwahi kumpandisha kidogo, akawa msaidizi wa mafundi, wa kubeba vifaa na kusafisha. Bahati, mtu wa makamo kutoka Bukavu tuliyesoma naye Jumapili, alikuwa kwenye mashine ya kusagia mabaki. Hiyo ndiyo niliyokuwa naihofia kuliko zote. Ni pipa kubwa la chuma lenye visu ndani, plastiki mbovu inatumbukizwa juu inatoka chini ikiwa chenga.

Kuna sheria ya kazi hiyo ambayo Mwalimu alitukaririsha. Mashine ikinasa, unazima swichi kuu ukutani na kuitia kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Kila anayeingiza mkono anatundika kufuli lake. Mkiwa wawili, makufuli mawili. Umeme haurudi mpaka kila mtu atoke na alifungue la kwake mwenyewe. Mpolandi wangu alikuwa analitundika la kwake hata kama anakwenda kuchungulia tu.

Siku ile visu vilinasa. Ilikuwa mchana, bosi ametoka kutuhutubia tena. Mwalimu alizima, akatundika kufuli lake, akapanda upande wa mbele. Mimi nilitumwa stoo kuleta spana ndefu. Nikarudi nikamkuta Mwalimu ameshamaliza, ameshuka, anajifuta mikono. Alitazama swichi. Kufuli lilikuwa moja, lake. Akalifungua, akalitia mfukoni, akaweka mkono kwenye swichi.

Nikaona nyuma ya pipa soli za viatu. Mtu kapiga magoti, mkono wake uko ndani mpaka begani.

Nilimpigia Mwalimu kelele, "Acha! Toa mkono! Wewe!"

Kwa mtu anayelingana na baba yangu. Na akaacha. Alibaki vilevile, vidole kwenye swichi, hata kuviondoa hakuweza, mpaka nilipokwenda kuvibandua kimoja kimoja. Vilikuwa baridi kama vya maiti. Bahati akatokeza nyuma ya pipa na kipande cha plastiki, anatabasamu.

"Ilikuwa imebakia hii tu, papa."

Mwalimu akakaa sakafuni. Akauliza, "Kufuli lako?"

"Iko mfukoni, papa."

"Kwa nini iko mfukoni?"

Bahati akatutazama mmoja mmoja, hajaelewa bado. "Pardon, papa. Miliona kadena yako iko pale. Papa amesha funga. Mi mtoto, minaweza funga tena juu ya papa? Ni kama misema papa anabeba uongo."

Hapo nami nikakaa sakafuni. Maana alikuwa anasema kweli. Kwetu, mkubwa akishafunga mlango, mdogo haendi kuutikisa aone kama umefungwa. Nikaanza kukumbuka: Mpolandi anatundika, Mfilipino anatundika, lakini sisi tunaozungumza Kiswahili, akiwepo Mwalimu, tulikuwa tunaacha. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulikuja nayo kutoka majumbani mwetu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuogopa kila kitu mle ndani isipokuwa yeye.

Wiki nzima hakuonekana kazini. Mkewe alisema ana homa. Jumapili akaja darasani, amekonda uso, akafunga mlango. Akasema kuanzia leo, humu ndani, hakuna kumwamkia. Hakuna mzee, hakuna papa. Akifunga yeye, mtafunga juu yake. Akisema umeme hakuna, mtapima wenyewe mbele yake. Akikosea, na atakosea kwa makusudi, mtamwambia umekosea, kwa neno hilohilo.

Nimeshuhudia watu waliovuka vita wakishindwa kulisema neno hilo. Yule mama wa Kirundi alijaribu akaishia kupiga goti. Bahati alisogea na kufuli, akalitundika juu ya lile la Mwalimu, akasema, "Samahani, papa."

"Bila samahani! Toa, anza upya."

"Samahani."

"Bahati!"

Alirudia mpaka akalia, mtu mzima. Mwalimu naye alikuwa na machozi lakini hakumwachia. Ilipofika zamu yangu niliona rahisi, nadhani kwa kuwa nilishamkemea mara moja na mbingu hazikuanguka.

Habari zikapanda juu kanisani. Wazee wakasema huyu Mwislamu anawafundisha watu wetu utovu wa adabu, watoto wenyewe wa huku tayari hatuwawezi, sasa na watu wazima? Mchungaji akashuka kumuuliza kwa upole. Mwalimu akamjibu kwamba shikamoo zake atazidai nje, kwenye theluji, humu ndani anadai makufuli. Mchungaji alikuwa na mtoto wake kwenye kiwanda cha nyama. Akatazama mota, akatazama ule mkanda, akarudi juu. Darasa likaendelea.

Nilifaulu mtihani. Bahati naye baadaye, akaajiriwa kwenye karakana ya mabasi. Na kiwanda, pamoja na mbio zetu zote, kikafungwa. Mashine zilipakiwa kwenye malori kama bosi alivyokuwa akituahidi. Tulisimama nje kuzitazama, yule Mjamaika na glavu yake, sisi wengine. Mwalimu aliulizia kama wanaokwenda kuzipokea wameambiwa kuhusu vile vijiti vilivyochakaa. Na mimi nilimwonea hasira kwa kuuliza.

Sisi wenye leseni tulipata kazi kabla ya baridi kuisha. Yeye hakupata. Nilikuwa napiga simu, mkewe anasema katoka kutafuta. Kisha anasema kapata ya muda. Halafu wakahama, wakawa wanakaa kwa mtoto wao Richmond Hill, mbali na mabasi yetu. Darasa likafa lenyewe. Nami mambo yakanizonga, simu zikawa za Idi na za mwaka mpya.

Miaka ikapita. Nikawa fundi kiongozi wa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha mikate, Rexdale hiyohiyo. Asubuhi moja wakala alituletea watu wa kujazia, wamevaa zile nyavu za nywele, na mmoja wao ni Mwalimu. Mdogo zaidi, koti limemzidi zaidi. Nilimkumbatia mbele ya wote. Akacheka, akanishika leseni yangu iliyoning'inia kifuani akaigeuza mbele na nyuma. "Umenenepa," akasema. "Mashallah." Alipewa kazi ya kufagia chini ya mkanda mrefu unaopeleka madonge ya unga kwenye oveni. Nilimwambia tutakunywa chai wakati wa mapumziko.

Nikawa naendelea na kazi yangu huku moyo umejaa. Sikufika mbali. Niligeuka nikamwona ameweka fagio pembeni. Kipande cha donge kilikuwa kimegandamana kwenye roli, pale mkanda unapoingilia, na mkanda unakwenda. Mwalimu alinyoosha mkono kukibandua. Taratibu tu, bila haraka, kama mtu anayepangusa makombo mezani. Hata hakuwa anatazama anaposhika.

Sijui nilifikaje kwenye kitufe chekundu. Mstari mzima ukasimama. Mkono wa koti lake ulikuwa umeshaingia chini ya roli, kitambaa tu, namshukuru Mungu, kitambaa tu. Nikakata kwa kisu. Kwenye oveni mikate ikaanza kutoa harufu ya kuungua.

"Mwalimu! Mwalimu, umefanya nini?"

Akautazama mkono wake kama si wake. "Aa, kilikuwa kinakera kile."

"Mkanda unakwenda!"

"Nimeuona."

"Wewe? Wewe uliyekuwa hupandi hata ngazi zinazotembea?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Binti yangu, siku hizi siogopi. Kweli kabisa. Nilikuwa naogopa toka asubuhi mpaka usiku, ikaja siku ikaniisha yenyewe. Nimepumzika." Akatabasamu. "Sasa usipige kelele, watu wanatazama. Niache nifagie."

Nimewahi kuona damu kiwandani, na nimeiona karatasi ya kufungwa kwa kiwanda. Hakuna kilichonitisha kama lile tabasamu. Nikamwambia avue wavu wa nywele, leo hagusi kitu humu, kesho asije. Akaacha kutabasamu. Akasema nyumbani kwa mwanawe anahesabiwa kama kabati, hii ndiyo siku ya kwanza ametoka. Akasema tafadhali. Mwalimu aliniambia tafadhali. Nikamshika mkono, ule wenye koti lililokatwa, nikampeleka mpaka kituo cha basi nikamsubirisha, basi likaja akapanda bila kugeuka.

Niliporudi bosi alikuwa amesimama kwenye oveni, mkate ulioungua mkononi. Akauliza yule mzee ana tatizo gani. Nikatafuta namna ya kusema kwa Kiingereza, nikamwambia, haogopi.

Bosi akaangua kicheko. Akasema basi tumepata mfanyakazi. Akatoa simu ampigie wakala, huyu mzee arudishwe kesho na keshokutwa. Nikamwambia akiingia yeye, mimi leseni yangu naivua naiweka hapa mezani. Akaacha kucheka. Alinitazama, akautazama mstari uliosimama na mikate inayoungua, na mimi nikasubiri nione ataendelea kupiga simu au ataacha.